Uzi: Aliyetumwa misheni Ujerumani ni mume wangu, lakini tuliohama ni watano

MkeWaMchungaji:
Habari za jioni wadau. Juzi kuna dada aliuliza humu maisha ya familia ya mchungaji ikipelekwa nje yakoje, maana mumewe ameshapata barua. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora nilifungulie uzi wake. Nitaandika kwa vipande, niko zamu za usiku wiki hii.

Mume wangu ni mchungaji wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, kwetu Kagera. Januari 2016 tulihamia Ujerumani, mji mdogo wa jimbo la Nordrhein-Westfalen, tukarudi mwishoni mwa 2021. Mji wenyewe na waliotutuma sitawataja, bado tunaheshimiana. Watoto walikuwa watatu: binti wa miaka 8, kijana wa 5, na kitinda mimba aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Mimi ni muuguzi. Hilo la uuguzi likumbukeni, nitalirudia.

Siku ya tatu tangu tufike, nje nyuzi 6 chini ya sifuri, kengele ya mlango ikalia. Kufungua, namkuta mama wa makamo amebeba mfuko mkubwa kama gunia la mkaa. Akaanza kuniongelesha taratibu kwa sauti ya juu, kama unavyoongea na mtu asiyesikia vizuri. Ndani ya mfuko makoti, soksi, mabuti ya watoto. Ilikuwa miezi michache tu baada ya wakimbizi wa Syria kuingia kwa wingi Ujerumani, na sisi weusi watano tulishuka usiku na mabegi. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi.

Mume wangu akatokea nyuma yangu na kola yake ya uchungaji, akasalimia kwa kile Kijerumani chake cha darasani: mimi ndiye mchungaji wenu mpya. Yule mama aliiva uso mpaka masikio. Akanyoosha mkono auchukue mfuko wake arudi nao. Nikaushika. Ndugu zangu, yale makoti yalikuwa mazuri kuliko tuliyohangaikia mtumbani kabla ya safari. Koti la kijani lilivaliwa na wanangu wote watatu kwa zamu, na huyo mama ndiye aliyekuja kuwa bibi yao kule. Naendelea kesho.

KigodaChaMbele:
Nimeshavuta kigoda. Usituache njiani mama mchungaji.

Mzee_wa_Kibanja:
Kasinge mama. Sisi wa Kagera tumejaa humu, andika bila wasiwasi. Lakini tuambie ukweli, ebitoke, ndizi zetu za kupika, mlikuwa mnapata wapi?

MkeWaMchungaji:
Shikamoo mzee wangu. Ebitoke zenyewe hatukupata. Kuna ndizi za kupika kwenye maduka ya Waafrika kule Dortmund, lakini ni zile ndefu za kukaanga, ukizichemsha zinakuwa na utamu wa kukera. Unga wa sembe upo, ghali. Ule wa dukani kwao ni wa njano na una chengachenga, ugali wake unakuwa kama mchanga wa ziwani. Tulizoea viazi. Mume wangu alisema miaka sita alikula viazi vya maisha matatu.

Mambo ya makaratasi nitayapita haraka maana yanachosha. Ukihamia nyumba unajiandikisha manispaa ndani ya wiki 2. Kila nyumba inalipia redio na televisheni, wakati ule euro 17.50 kwa mwezi, uwe na TV usiwe nayo. Sisi hatukuwa nayo tukalipa. Taka zina mapipa manne yenye rangi: plastiki kwake, karatasi kwake, maganda ya viazi kwake, na takataka halisi kwake. Jumapili hukati majani, hutoboi ukuta, wala huendi kutupa chupa za vioo kwenye lile pipa la mtaani, kwa sababu zinalia. Nilijifunza hilo la chupa kwa kuzomewa na mzee wa dirisha la pili.

Lililonitesa ni saa. Mjerumani akikwambia "halb vier", maana yake neno kwa neno ni nusu nne. Mimi kichwani nikasikia nne na nusu. Kumbe ni nusu ya kuielekea nne, yaani 9:30 alasiri kwa saa zetu. Nilimpeleka kijana kwa daktari wa meno nimechelewa saa nzima, nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimewahi. Yule dada wa mapokezi alinitazama, akatazama ukutani, akanitazama tena. Tukapewa tarehe nyingine baada ya wiki saba. Sasa wewe mtu wa Bukoba unayejua kuwa asubuhi ni saa moja, unatoa sita, unatoa nusu, unaongeza baridi, kichwa kinabaki salama kweli?

KigodaChaMbele:
😂😂 Nusu nne nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Hakuna_Siri:
Tukubaliane tu mama, mlifuata euro. Wazungu ndio walituletea dini, leo nyie mnawapelekea nini ambacho hawana?

MkeWaMchungaji:
Swali zuri, sikasiriki. Pesa: tulilipwa vizuri kuliko nyumbani, sitadanganya. Lakini kila mwezi simu ya Bukoba ilijua siku ya mshahara kabla yangu.

Hilo la dini lina kona. Wamisionari wa Bethel, misheni ya Kijerumani, walifika Buhaya, kwetu Kagera, 1910, wakakuta watu wetu wana vitabu mkononi. Injili ilishaingia kutoka Buganda, ikiletwa na Wahaya wenyewe waliokwenda na kurudi. Babu wa mume wangu alikuwa akisimulia hivyo kwa fahari, kwamba Mjerumani alipokuja alikuta darasa limeanza. Kwa hiyo hata sisi kwetu hatukuanza kuokolewa na meli.

Pili, kanisa la kule ni tajiri kwa majengo, maskini kwa watu. Kila mwanachama mwenye kipato anakatwa kodi ya kanisa, kwa jimbo lile asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, inakusanywa na serikali. Hakuna bahasha ya ahadi, hakuna mzee wa mtaa kukufuata nyumbani. Ukichoka unakwenda mahakamani, mahakamani kabisa, unalipa euro 30 unajitoa. Na wengi wanajitoa. Jumapili ya kawaida tulikuwa na watu ishirini na tano, nusu yao wamevaa vifaa vya kusikia. Mkesha wa Krismasi unakosa pa kukaa, halafu mpaka mwaka mwingine.

Mara ya kwanza mume wangu alihubiri dakika 40, yaani kwa Kagera bado anapasha moto. Mzee mmoja wa mbele aliivua saa yake akaiweka juu ya ukingo wa benchi, imwelekee mhubiri. Kule mahubiri ni dakika 15, ibada ni saa moja, kuna nyama iko kwenye oveni nyumbani.

Mwalimu_Mstaafu_Lushoto:
Niongezee kidogo kwa faida ya vijana. Hili la wachungaji wetu kwenda kule si jipya. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, na leo mashirika ya misheni ya Leipzig, Neuendettelsau na Wuppertal kule Ujerumani yote yana uhusiano na dayosisi zetu, watu wanakwenda na kurudi. Ule umoja wa misheni wa Wuppertal tangu 1996 ni wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani kwa pamoja, si Wajerumani peke yao kukaa mezani. Na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyesoma Bethel, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, 1977. Endelea mama.

MkeWaMchungaji:
Asante mwalimu. Sasa ile ya uuguzi.

Mkataba wa misheni ulikuwa na sahihi moja, ya mume wangu. Mimi niliandikwa "mwenzi". Sasa mwenzi huyu alitarajiwa apike kahawa baada ya ibada, afundishe watoto nyimbo za Kiafrika, avae kitenge kila akija mgeni wa wilaya, aeleze "hali ya wanawake Tanzania" kwenye vikundi vya akina mama. Kazi zote hizo hazina mshahara. Siku moja nikahesabu, wiki hiyo nilikuwa nje ya nyumba jioni nne kwa kazi ambayo haipo kwenye karatasi yoyote. Nikawaandikia waliotutuma barua ya heshima. Nikajibiwa kwa heshima pia, kwamba wanathamini sana mchango wangu.

Cheti changu cha uuguzi hakikutambulika mpaka nifikie Kijerumani cha ngazi ya B2 na vyeti vyangu vikaguliwe. Ilinichukua miaka mitatu, kwa sababu darasa la lugha lilikuwa asubuhi na kitinda mimba hakuwa na nafasi chekechea. Wakati huo niliajiriwa msaidizi kwenye nyumba ya wazee. Mimi niliyekuwa nazalisha akina mama usiku kwa taa ya simu, nikawa siruhusiwi kumpima mtu presha. Kuogesha, kulisha, kutandika. Nililia wiki mbili za kwanza, kwenye baiskeli, wakati wa kurudi, ili nyumbani nifike nimekauka.

Lakini niseme na hili. Kuna bibi mmoja pale hakuwa na mtu. Sikukuu zote alikuwa anatazama mlango. Mimi kwetu mzee haogeshwi na mgeni, kwa hiyo nilianza kumwita bibi, kwa Kiswahili. Baada ya miezi naye akawa ananiita hivyohivyo, "Bibi!", anaita korido nzima isikie. Alidhani ni jina langu.

DadaMsafiri:
Mimi ndiye niliyeuliza swali la kwanza. Nasoma huku naandika kwenye daftari. Dada, watoto je? Hasa shule. Wangu wana miaka 9 na 4.

MkeWaMchungaji:
Mdogo wangu, wa miaka 4 usimhofie. Akiingia chekechea, baada ya miezi sita anaota ndoto za Kijerumani. Tarehe 11 Novemba utamshonea taa ya karatasi atembee nayo barabarani gizani na wenzake, siku ya Mtakatifu Martin, utalia kwa uzuri wake. Mwangalie huyo wa 9.

Shule ya msingi kule ni miaka minne tu. Mtoto akiwa na miaka 10 mwalimu anapendekeza aende sekondari ya aina gani, ile ya kuelekea chuo kikuu au ile ya kuelekea ufundi. Binti yangu alikuwa na miaka miwili tu ya lugha. Hesabu alikuwa anaongoza darasa. Mwalimu akapendekeza ile ya chini, akaniambia kwa upole kabisa, huku anatabasamu, kwamba mtoto atakuwa na furaha zaidi huko. Tulikuwa tumekaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yamegusa kidevu. Nikamuuliza, furaha ya nani? Kwa jimbo lile pendekezo la mwalimu si amri, mzazi ana kauli ya mwisho. Hilo hakuniambia yeye. Niliambiwa na yule mama wa makoti. Tukampeleka tulikotaka sisi. Liandike kwenye daftari lako kwa wino mwekundu.

Na usimtoe mtoto shule hata siku moja kabla ya likizo ili uwahi ndege ya bei rahisi. Kuna faini.

Mtoto_wa_Kijabe:
Salamu kutoka Kenya. Mimi nimeiona hii kitu kutoka upande ule mwingine. Babangu alikuwa mpishi kwa shule ya watoto wa wamisionari hapa Kijabe, ile iliyoanza 1906, Roosevelt akaiwekea jiwe la msingi 1909. Sisi watoto wa wafanyakazi tulikuwa tunaona watoto wazungu wanaletwa mwanzo wa muhula, wazazi wako Sudan, wengine Congo, wengine Turkana. Babangu alisema usiku wa kwanza chakula kilikuwa kinarudi jikoni karibu chote. Alikuwa anaweka mandazi pembeni, juu alijua kufika saa nne wengine watakuja kugonga mlango wa nyuma wa jikoni. Nikisoma haya ya mama mchungaji nashangaa, angalau nyinyi mlikaa na watoto wenu.

MkeWaMchungaji:
Umenigusa, kaka. Ndiyo, wangu walilala nyumbani kila siku. Mwambie mzee mandazi yake nimeyasikia huku Bukoba.

Ngoja niwachekeshe kabla ya kuendelea. Dagaa.

Ukiingia Ulaya na mzigo, nyama na maziwa hairuhusiwi hata kipande, lakini samaki kwa matumizi yako inaruhusiwa hadi kilo 20. Mama mkwe alitutumia mgeni na dagaa wa Ziwa Victoria. Nyumba yetu ilikuwa juu ya ofisi ya usharika. Siku ya Alhamisi nikawakaanga, kitunguu, nyanya, pilipili, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Sikujua kuwa chini, katibu wa usharika amesikia harufu, amekagua vyoo vyote, hajaona kitu, akampigia mzee wa kanisa ambaye ni fundi bomba mstaafu aje aangalie mfereji wa maji machafu.

Yule mzee akaja na boksi lake la vifaa. Akafungua chemba ya nje, akainama, akanusa, akatikisa kichwa. Akapanda ngazi polepole anafuata pua, mpaka mlangoni kwangu. Nikafungua na mwiko mkononi. Tulitazamana. Akauliza, naweza kuona? Nikamwonyesha sufuria. Akauliza, wanaliwa na vichwa? Nikamwambia kaa. Alikula ugali na dagaa kwa kijiko, akaomba aongezwe, akashuka kumwambia katibu kwamba bomba ni zima.

Mzee_wa_Kibanja:
😂😂😂 Bomba ni zima! Mama umeniua.

MkeWaMchungaji:
Huyohuyo fundi bomba ndiye aliyeokoa mnada. Sikukuu ya mavuno kwao ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Wanapamba madhabahu kwa maboga, tufaa, masuke ya ngano, mikate. Ibada ikiisha vinapelekwa kwa wenye uhitaji, basi. Mwaka wa tatu mume wangu akawaomba baraza tufanye mnada kama nyumbani. Mama mmoja wa baraza akasema kanisa si soko. Wakabishana wiki tatu, wakakubali kwa sharti kwamba ni boga moja tu.

Mume wangu akalinyanyua boga, akaanza, euro tano, nani ananiongezea? Kimya. Kimya kile cha kanisa la mawe, unasikia hita inavyolia. Mimi nimeinamisha kichwa. Fundi bomba akasimama: kumi. Akalipa palepale, akapokea boga, akalirudisha madhabahuni akasema liuzwe tena. Nilikuwa nimemsimulia siku ile ya dagaa kwamba kwetu mtu ananunua kuku halafu anamrudisha. Akanunua mama wa makoti, naye akarudisha. Yule mzee wa saa naye akanyoosha mkono. Boga moja liliuzwa mara sita, likaleta euro 112. Tulitoka kanisani saa saba na nusu mchana, na nyama za watu huko kwenye oveni nadhani zilikuwa mkaa. Pesa zilikwenda kutengeneza kinanda. Mwaka uliofuata walileta wenyewe maboga manne na sungura hai.

Hakuna_Siri:
Haya mama nimenyoosha mikono. Sungura alikwenda bei gani?

MkeWaMchungaji:
68. Alinunuliwa na watoto wa kipaimara, wakachanga.

Sasa kipande ambacho nilikuwa nakikwepa.

Aprili 2020 baba yangu alifariki. Ndege zilikuwa zimesimama kwa ajili ya korona, Tanzania ilifungua anga tarehe 18 Mei, sisi tulishazika. Kule Ujerumani makanisa yalikuwa yamefungwa tangu Machi, mume wangu anahubiria simu iliyoegeshwa kwenye mtungi wa maua. Nyumbani makanisa yalikuwa wazi, watu wamejaa. Mdogo wangu akanipigia kwa video. Niliweka simu jikoni, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Naona migomba, naona migongo ya watu, mtandao unakatika, picha inaganda kwenye kiatu cha mtu. Nasikia pambio, halafu sisikii. Wakati wa kuweka udongo simu ikakata kabisa. Iliporudi watu walikuwa wanakula.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kwa Kijerumani kama alikuwa anamjua babu vizuri. Si kama mimi nilikuwa namjua. Kama yeye alikuwa anamjua. Sikuwa na jibu la kumpa. Usiku ule yule mama wa makoti alikuja, sheria hairuhusu kuingia, akasimama nje kwenye ngazi na mimi nikakaa ndani, mlango wazi, mpaka saa sita. Hakusema kitu.

Mwalimu_Mstaafu_Lushoto:
Pole sana mama. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

DadaMsafiri:
Pole dada yangu. Nimeweka daftari chini. Swali la mwisho: kurudi kulikuwaje? Watu wanasema kurudi ndiko kugumu.

MkeWaMchungaji:
Asanteni. Ni kweli.

Tulishuka Bukoba Desemba 2021. Bibi yao anasubiri, kijana akamwendea, akamtazama usoni, akanyoosha mkono kama mkurugenzi wa benki. Wa miaka 11. Shangazi zangu wakaguna. Nilimfundisha shikamoo miaka yote, lakini kwa simu hakuna mkono, mwili haukujifunza. Kiswahili chao kilikuwa cha kutafsiri: "mama, nifanyie picha", "nakwenda na miguu". Kitinda mimba alimwambia bibi yake kuwa chakula kitakuwa nusu saba, bibi akawasha moto saa saba na nusu. Ukoo umeendelea, nikaona.

Watu walidhani tumerudi na gari. Tulirudi na mabegi kumi na koti la kijani. Mume wangu alipangiwa usharika wa kijijini wenye watu mia nne, Jumapili ya kwanza akahubiri dakika 15 akaketi. Mzee wa kanisa akaja kumuuliza kama anaumwa.

Kijana ana tabia moja haijamtoka. Kule chupa ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti 25, na hiyo ndiyo ilikuwa pesa yake ya mfukoni. Hapa anaendelea kuziokota barabarani, anaziosha, anazipanga stoo kwa ukubwa. Nilimweleza mara mbili kwamba huku hakuna mashine ya kuzipokea. Akasema anajua. Zilifika kama mia mbili. Mwezi uliopita nilifungua stoo nikakuta hazipo, nikajua amekubali yaishe. Kumbe bibi yake amezichukua, anauzia maziwa, na kila chupa anamlipa mjukuu wake shilingi hamsini.

DadaMsafiri, njoo inboksi nikupe namba ya duka la Dortmund. Unga waambie wakuwekee ule mweupe.